Kupigwa kwa hiari
Binamu yangu wa Montréal ndiye aliyenitia homa ya hoki ya barafuni. Hunitumia video za mdogo wake, mwenye miaka 14, mwembamba kama sisi sote katika ukoo huu. Siku moja nkambo, bibi yetu, alitazama pamoja nami. Akaona mjukuu wake anabamizwa ukutani, akauliza refa yuko wapi. Nilimweleza kwamba sheria inaruhusu kumpiga kikumbo yule mwenye kisahani, kile cha mpira mgumu wanachokigombea kwa magongo. Akakata shauri: "Basi mdogo akimbie tu."

Wapenzi wengi wa timu za mbio hufikiri hivyo hivyo. Mimi huwajibu kwa Tampa Bay Lightning.

Msimu wa 2018–19 Tampa ilishinda mechi 62 za ligi, sawa na rekodi ya Detroit ya 1995–96. Nikita Kucherov peke yake alikusanya pointi 128. Ikaja mitoano, ambapo timu mbili hukutana tena na tena mpaka moja ifikishe ushindi wa 4. Wapinzani walikuwa Columbus Blue Jackets, waliofuzu kwa moja ya nafasi za mwisho. Katika mechi ya kwanza Tampa iliongoza 3–0, ikafungwa 4–3. Columbus walijaza katikati ya uwanja, wakawavamia mabeki kabla hawajainua kichwa, na zile pasi ndefu za kupendeza zikakatwa. Mechi ya pili Kucherov, fundi wa mafundi, alipandwa na hasira, akambamiza mpinzani ukutani, akafungiwa mechi iliyofuata. Tampa ilitolewa kwa 4–0.

Sisi wa isimu tunapenda kuvichezea vitenzi. Kupiga, kupigwa, kupigana. Mbio ni njia ya kutopigwa. Kucherov alijaribu kupiga, akaiponza timu. Kinachobaki ni kupigwa, na sarufi hutufundisha kwamba mtendwa haulizwi anataka nini. Katika hoki huulizwa. Beki anakwenda konani kuchukua kisahani huku akijua bega linakuja. Hakikimbii. Anakishika nusu sekunde zaidi ili mpinzani amfuate mpaka mwisho, anakitoa kwa mwenzake aliye karibu, ndipo anapokea kikumbo. Aliyepiga sasa yuko nje ya mchezo kwa sekunde mbili tatu, ameachwa nyuma ya kisahani. Hapo ndipo mbio zinapolipa. Ningeliita tendo hili kujipigisha, ingawa nyumbani neno hilo lingesikika kama lawama.

Tampa hawakumfukuza kocha wao Jon Cooper, wala hawakuwauza mafundi wao ili wanunue mabavu. Waliongeza watu wachache wasioogopa bega: Pat Maroon, kisha Blake Coleman na Barclay Goodrow mwezi wa pili wa 2020. Hao wawili walipangwa na Yanni Gourde, ambaye ndiye nimpendaye kuliko wote. Ni mfupi, na hakuna timu iliyomchagua alipokuwa kijana. Anaingia kwenye msongamano kama mtu aliyesahau kitu humo.

Tarehe 11 Agosti 2020 walikutana tena na Columbus. Mechi ilikwenda nyongeza 5. Brayden Point akafunga la 3–2 baada ya dakika zaidi ya 150 za mchezo, na safari hii Tampa walivuka kwa 4–1. Mwezi uliofuata walichukua kombe mbele ya Dallas, na mwaka 2021 walilichukua tena mbele ya Montréal, jambo ambalo binamu yangu hapendi nilitaje.

Ukweli ni kwamba kikumbo kinauma hata ukikikubali, na Kiswahili changu hakimkingi mtoto wa watu kule. Lakini nimemwandikia, kwa Kiswahili, kwani Kifaransa anakipata shuleni kila siku: atazame nyuma ya bega kabla hajagusa kisahani; atoe pasi fupi; na asisimame kamwe mita moja kutoka ukutani, maana hapo ndipo kichwa hutangulia. Ama awe mbali kabisa, ama aegemee ukuta, ubavu ukiwa umeugusa tayari bega linapofika.