Alama Nyingi, Chakula Kimerudi

Katika faili za kiharusi alizojaza mwanzoni mwa kazi yake, mtaalamu mmoja wa fiziotherapia wa Mombasa hakuwa na mahali pa kuandika huzuni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965: vipengele kumi, alama 100. Mgonjwa anakula mwenyewe? Anavaa nguo? Anapanda ngazi? Hali ya akili iliachiwa mstari mmoja, na karibu kila mtu aliujaza kwa neno lile lile: "Anajitambua." Yaani analijua jina lake, siku na mahali alipo. Basi.

Mgonjwa anayemkumbuka zaidi ni fundi cherehani aliyepooza upande wa kulia. Alama zake zilikuwa zikipanda. Alijifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja kuanzia chini, wauguzi wakamshangilia. Akirudi kitandani, huyo, anageukia ukuta.

"Mzee, leo umefika hadi mlangoni!"

"Nimefika, mwanangu."

Na sahani ya chakula ikarudi kama ilivyokuja. Wodini walisema ni mkaidi. Mkewe alisema anafikiri sana, na yeye ndiye aliyekaribia ukweli, maana takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi huingia katika sonona, na mwenye sonona hana hamu ya mazoezi hata misuli ikiwa tayari.

Baadaye ikaja PHQ-9, karatasi ya kupima sonona iliyochapishwa mwaka 2001: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Anayefikisha 10 kati ya 27 anahitaji kuangaliwa zaidi. Magharibi mwa Kenya ilijaribiwa kwa watu wanaoishi na VVU, matokeo yakatoka mwaka 2009. Ilikuwa nafuu kubwa. Sasa huzuni ilikuwa na ukurasa wake.

Ila karatasi hiyo nayo ina mtego. Inauliza usingizi, uchovu, hamu ya kula, kusogea polepole. Aliyepooza nusu ya mwili atakosaje alama hapo? Watafiti Zigmond na Snaith walikwisha kuliona tatizo hilo mwaka 1983, ndiyo maana kipimo chao cha maswali 14 kwa wagonjwa wa hospitali kiliziweka kando dalili nyingi za mwili. Mtaalamu wetu alipata njia yake: pembeni mwa kila jibu anaandika sababu. "Usingizi: bega linauma." "Kula: anapaliwa." Jumla ikishatolewa, anasoma pembeni kwanza.

Wasioweza kusema ndio waliomsumbua zaidi. Kwa hao alikutana na kipimo kilichotungwa Uingereza mwaka 1998, ambacho humuuliza anayemtunza mgonjwa: je, analia? Anakwepa kutazamana na watu? Usiku anahangaika? Binti akijibu hivi na mke vile, yeye huwaacha wabishane mbele yake, kwani mara nyingi ubishi huo humwonyesha mengi kuliko alama. Ni kweli watunzaji huweza kuzidisha au kuficha, lakini nani mwingine anayelala chumba kimoja na mgonjwa?

Swali la tisa la PHQ-9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lilikuwa na uzito wa aina yake. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na wagonjwa walijua. Wengi walijibu "hapana" kabla swali halijaisha, huku ndugu wakimtazama aliyeshika kalamu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Tangu hapo, mtaalamu huyu huanza kwa kuwaeleza wagonjwa uamuzi huo, anawaomba ndugu watoke nje kidogo, ndipo anapouliza.