Kutoka Birere hadi Himbi, tukitafuta bursi

Wengi wenu mmekuwa mkiuliza kuhusu bursi za masomo: zinatolewa na nani, zinaombwa wapi, na kwa nini mtoto wa jirani alipata na wa kwetu akakosa. Tumeona afadhali tusijibu tukiwa tumekaa. Mtu akitoka Birere asubuhi, akapita katikati ya mji, halafu akafuata upande wa ziwa hadi Himbi, atapita mbele ya milango mingi ambayo kijana wa Goma hupitia akitafuta ufadhili. Basi vaeni viatu vizuri, maana mawe ya volkano hayana huruma.

Tuanzie Petite Barrière. Kila siku maelfu ya watu huvuka hapo kwenda Gisenyi na kurudi, na wengi wao ni wamama wenye mizigo kichwani. Sisi tunaijua kama njia ya kutafuta chakula cha jioni. Lakini ni njia ya shule pia. Kutoka Gisenyi basi hufika Kigali kwa saa tatu au nne, na kule Kigali, tangu mwaka 2016, kuna tawi la AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi ya hisabati iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003. Inapokea vijana waliomaliza chuo kikuu katika hesabu, fizikia na masomo ya namna hiyo, inawafundisha kwa mwaka mmoja hadi wapate shahada ya pili, na inagharamia masomo, chakula na malazi. Kuomba ni bure. Mama mwenye mtoto anayependa hesabu, na hasa mwenye binti anayependa hesabu, asiache kusikia jina hilo. Watu hufikiri bursi ni Ulaya tu, kumbe moja ya zile nzuri iko nyuma ya barriera tunayovuka na vitunguu.

Kikwazo ni Kiingereza. Watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa tangu wadogo, na bursi nyingi, hata za Ulaya, siku hizi zinadai Kiingereza. Mjini kwetu kuna vikundi vingi vya vijana wanaokutana mwisho wa juma kuzungumza Kiingereza, mara nyingi katika darasa la kuazima. Wazazi wengine huona ni mahali pa kupoteza muda na kutafuta wachumba. Labda kidogo ni hivyo. Lakini kwa mzazi asiye na pesa za kulipia masomo ya lugha, sijaona njia nyingine ya bei nafuu kama hiyo.

Tukiingia katikati ya mji tunakuta vibanda vya fotokopi na kuchapa. Hapa ndipo bursi nyingi hupatikana au kupotea, ingawa hakuna anayepiga picha mbele ya kibanda cha fotokopi. Kijana anakuja na tangazo kwenye simu, amebakiza siku mbili, na anatakiwa kuleta diploma ya serikali, karatasi za pointi za kila mwaka, pasipoti au kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na barua za walimu wawili. Anarudi nyumbani mbio. Nyumbani hakuna.

Sisi wa Goma tunajua kwa nini hakuna. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani na kuteketeza nyumba na kila kilichokuwa ndani ya kabati. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama kartie 10 kati ya 18. Watu wakakimbilia Sake, Rutshuru na Gisenyi na godoro kichwani. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafungwa. Kila mara mama huchukua watoto, sufuria na nguo. Karatasi hubaki.

Na hata zilizobaki huwa zinagombana zenyewe. Kwenye buleteni mtoto ana majina mawili, kwenye diploma matatu, kwenye kadi ya mchaguzi herufi zimebadilika. Baba alipunguza umri ili mtoto aingie shule fulani, mjomba akauongeza ili apate kadi. Anayesoma maombi yuko Brussels au Ankara na hajui mambo yetu. Akiona tarehe mbili za kuzaliwa, anaweka faili pembeni na kuchukua inayofuata. Kwa hiyo wale wenye watoto wachanga: kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya raia ndani ya siku 90 tangu azaliwe ni bure. Zikipita, inabidi kwenda mahakamani kutafuta hukumu, na hiyo ina gharama na mizunguko. Karatasi ile ya siku 90 ndiyo itamsaidia akiwa na miaka 20.

Umri wenyewe ni jambo ambalo wazazi hawalisemi vya kutosha. Bursi nyingi zina kikomo cha miaka. Tuchukue ile ya serikali ya Uturuki, inayojulikana sana kwa vijana wetu kwa sababu inalipia masomo, bweni na tiketi ya ndege, na kuomba ni bure. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe na umri chini ya miaka 21 na pointi zisizopungua asilimia 70; kwa udaktari wa tiba na masomo kama hayo wanataka asilimia 90. Kwa shahada ya pili awe chini ya miaka 30. Sasa fanyeni hesabu. Mtoto aliyeanza shule na miaka 6 bila kusimama hufika mtihani wa serikali akiwa na 18. Mtoto wa kwetu ongeza mwaka mmoja wa kukimbia kutoka Masisi au Rutshuru, mwaka mmoja wa kukosa minervali ya sekondari, na mwaka wa kurudia darasa kwa sababu hakuwa na utulivu wa kusoma. Anafika na miaka 21, ana akili ileile, na mlango huo umefungwa. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika kwamba miaka mitatu ilichukuliwa na vita.

Mimi naliona hilo kuwa dhulma kabisa, na sina dawa yake. Lakini lina maana moja ya nyumbani: pesa ya familia ikiwa haitoshi watoto wote, tusimsimamishe kwanza binti eti yeye atasubiri. Mwaka anaosubiri unahesabiwa kwenye umri wake.

Tuendelee. Tukiipita sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, tuseme kidogo juu ya vijana wasiokuwa na pointi 70 lakini wana mikono na macho. Wasanii nao wana bursi zao. Huwa zinaitwa majina mengi, tuzo, residensi, mafunzo, lakini jambo ni lilelile: kuna anayelipa ili kijana apate muda wa kujifunza na kufanya kazi yake. Na Goma, tuseme bila kujisifu sana, imezoea kushinda hizo kuliko miji mingi mikubwa kuliko sisi.

Tangu mwaka 2002, ule ule wa volkano, kituo cha Yole!Africa kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo kimekuwa kikifundisha vijana wa hapa filamu, ngoma na muziki. Kisha wakaja wapiga picha. Pamela Tulizo, mzaliwa wa Goma, alisomea uandishi wa habari, halafu mwaka 2019 akaenda kujifunza picha Johannesburg, katika shule iitwayo Market Photo Workshop. Mwaka uliofuata akashinda tuzo ya kimataifa ya Dior ya vijana wapiga picha kwa kazi yake inayoitwa Double Identité. Ni picha za wanawake wa kwetu: mwanamke kama anavyooneshwa na dunia, yaani wa vita na machozi, na mwanamke huyohuyo kama anavyojiona mwenyewe akisimama mbele ya kioo. Nani kati yetu hakuwahi kupigwa picha na mgeni akiambiwa asicheke?

Mwaka huohuo wa 2020 kulitokea jambo lingine. Mpiga picha wa kigeni, Finbarr O'Reilly, alikuwa amepewa tuzo ya Carmignac ili afanye kazi Kongo. Korona ikafunga mipaka. Badala ya kungoja, tuzo hiyo ikageuzwa kuwa kazi ya Wakongo wenyewe, na kati ya waliopiga picha walikuwamo Arlette Bashizi, Ley Uwera, Bernadette Vivuya, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Tulizo huyohuyo, wote watu waliofanya kazi zao hapa Goma. Mgeni aliposhindwa kufika, wenyeji walikuwapo na walikuwa tayari na kazi za kuonesha. Hapo ndipo bursi ya msanii inapotofautiana na ya mwanafunzi. Hawaulizi sana diploma, wanauliza: umefanya nini mpaka sasa? Kijana anayepiga picha za arusi mwisho wa juma na kuzifuta kwenye simu ili apate nafasi anafuta faili lake la bursi. Bora amnunulie dada yake soda chache na kununua kadi ya kuhifadhia.

Tumefika Himbi, upepo wa ziwa unatuburudisha. Huku kuna ULPGL, chuo kilichoanza mwaka 1985. Nacho Chuo Kikuu cha Goma kiko kando ya ziwa. Vijana wengi wanaingia humo wakifikiri kwamba bursi ni ya kuondoka. Lakini ziko zinazomkuta mwanafunzi palepale anaposoma. BEBUC, iliyoanzishwa na profesa Mjerumani Gerhard Bringmann pamoja na mwenzake wa Kinshasa Virima Mudogo, inasaidia wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo, na huwapata kupitia vyuo vyao. Excellentia, ya mfuko wa mke wa Rais Denise Nyakeru Tshisekedi, inaangalia waliofanya vizuri sana kwenye mtihani wa serikali. Na kwa dada zetu wanaofanya kazi tayari, wauguzi, walimu, wahandisi wa kilimo, ARES ya Ubelgiji hupendelea mtu mwenye angalau miaka miwili ya kazi baada ya chuo. Yaani mama wa watoto wawili aliyekwisha kujiona mzee wa shule ndiye wanayemtafuta. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya nayo inatoa euro 1,400 kwa mwezi kwa shahada ya pili, na maombi ya bursi yake hayalipiwi.

Tambueni neno linalorudi: bure. Anayedai dola 30 za faili kwenye Airtel Money ya mtu binafsi si mfadhili. Anayemwambia binti aje hotelini kwa ajili ya mahojiano, jioni, peke yake, si mfadhili vilevile, hata kama ni mtu mnayesali naye. Mama amwambie binti yake waziwazi kwamba akiambiwa hivyo aje kusema nyumbani, na kwamba hatagombezwa. Zipo pia zinazosumbua bila uovu: bursi za Commonwealth zinapita kila mwaka kwenye WhatsApp zetu, lakini hizo ni za nchi wanachama. Rwanda ilijiunga mwaka 2009. Kongo si mwanachama.

Mbele ya Himbi barabara inaendelea kuelekea Mugunga na Bulengo, ambako familia nyingi zilizokimbia zilijenga mahema. Huko wazazi walikuwa wakiuliza habari za DAFI, bursi ya wakimbizi ambayo UNHCR inasimamia tangu mwaka 1992. Ipo kweli, na vijana Wakongo wanaisomea Uganda na kwingineko. Lakini ni ya mkimbizi aliyeandikishwa nje ya nchi yake. Aliyehamishwa na vita akabaki Kongo haitwi mkimbizi kwa sheria, na haipati. Ni vigumu kumweleza hivyo mama aliyelala miezi chini ya hema, lakini ni afadhali ajue kabla ya kumtuma mtoto peke yake mpaka Kampala.

Likelemba moja ya wamama wameamua jambo ambalo tumelipenda. Kila mwezi, kabla ya kuhesabu pesa, kila mmoja analeta karatasi moja ya mtoto, wanazipiga picha kwa simu mbili tofauti, wanalinganisha majina na tarehe, halafu wanazirudisha kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri karibu na mlango. Na zamu moja kwa mwaka haiendi kwa mtu, inalipia pasipoti ya mtoto atakayekuwa amemaliza kwa pointi nzuri. Wamegombana sana juu ya nani awe wa kwanza. Mwishoni wakakubaliana kuanza na aliye karibu zaidi na miaka 21.

Fomu za Uturuki kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa 20 Februari. Fotokopi ziwe tayari kabla ya Noeli, maana baada ya sikukuu pesa huwa hakuna.