Ule upepo wa debi

Mimi huku Liverpool sijambo, kazi na baridi tu. Leo nataka kumjibu mdogo wangu wa Tanga, maana kila akisikia mechi ya huku imeahirishwa ananiuliza, "Dada, upepo wenu tena?" nanyi mnacheka.

Kisa mnakikumbuka. Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024, Everton na Liverpool zilikuwa zikutane Goodison Park saa 6:30 mchana, yaani saa 9:30 alasiri huko nyumbani. Debi ya mwisho ya ligi pale, kwa sababu Everton walikuwa wanahamia uwanja mpya. Mdogo wangu alishaandika ubao nje ya kibanda umiza chake na kununua mafuta ya jenereta. Mimi nilipewa tiketi na mfanyakazi mwenzangu, nikabadilishana zamu na kukubali kulipa kwa usiku mbili mfululizo.

Asubuhi ile ile tukaambiwa hakuna mechi, dhoruba Darragh imefika.

Jamani, meseji zilivyomiminika! Mashabiki wa huku wakalia na nauli zao. Mdogo wangu akaandika, "Upepo tu? Hapa bati linapepea na watu wanaangalia mpira." Na mimi, sitawaficha, niliandika maneno ambayo mama asingependa kuyasoma.

Mchana nikapigiwa simu kutoka kazini, wenzangu wengine wamekwama njiani. Nikaenda. Nilitembea nimeshika kuta za watu, vigae vya paa vimepasukia barabarani. Nikampokea bibi mmoja aliyeangushwa na upepo mlangoni kwake, nyonga imevunjika. Baadaye tukapata habari kuwa wanaume wawili wamekufa, miti imeangukia magari yao, mmoja hapa jirani Lancashire na mwingine Birmingham.

Nimemshika yule bibi mkono, nikawakumbuka wagonjwa wangu wengine. Mtu amefunga tangu usiku, ndugu wamesafiri kuja kumwona, halafu upasuaji unaahirishwa kwa sababu presha imepanda. Anayegombezwa ni nesi aliyepeleka habari. Simlaumu, uchungu wake anauona. Kile ambacho hakikumpata mezani hawezi kukiona, hata mimi siwezi kumwonyesha.

Na mechi ni hivyo hivyo. Goodison ni uwanja wa tangu 1892, umebanwa na nyumba za watu, wakati ule ulikuwa unaingiza karibu watu 39,000. Labda wote wangerudi kwao salama. Labda mmoja asingerudi, na huyo mmoja angeweza kuwa mimi, nanyi mngekuwa mnachangishana nauli ya kuniletea nyumbani. Ndiyo maana nilifuta yale maneno yangu usiku ule. Sikuwaambia.

Mechi ilichezwa tarehe 12 Februari 2025. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, sikuiona. Kibanda kilijaa, mafuta ya jenereta yakarudi. Liverpool wakiwa mbele 2-1, Tarkowski akasawazisha dakika za nyongeza zikiyoyoma. Mdogo wangu, ambaye ni Liverpool damu, akanitumia meseji moja tu: "Dada, bora ule upepo ungeendelea."

Msalimieni mama. Mwambieni nimenunua koti zito.