Hedifoni ya Mwenye Mgonjwa

Dukani, hedifoni husifiwa kwa jinsi inavyoziba. "Dada, ukiivaa hii dunia yote inanyamaza!" Sawa. Lakini, ndugu msomaji, wako wanaotaka dunia iendelee kusema: mlinzi wa usiku, mama mwenye kichanga, mtembea kwa miguu anayekwepa bodaboda. Na mimi.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ila riwaya ninayo, imejaa madaftari manne. Kila sura naisoma kwa sauti na kuirekodi kwenye simu, kisha usiku naisikiliza. Sentensi iliyolegea jicho huipita, sikio halidanganyiki. Tatizo ni kwamba pazia tu linanitenganisha na bibi, aliyepooza upande mmoja, na sauti yake imebaki ndogo kama ya kinda. Akiita, sharti nisikie.

Basi nikazunguka Kariakoo nikiuliza. Zile za mpira wa kuchomeka nilizikataa papo hapo. Zipo za kisasa zenye maikrofoni, zinadaka sauti za nje na kukuletea ndani. AirPods Pro za mwaka 2019 zilikuwa na ufundi huo. Nzuri, bwana, lakini chaji ikiisha, kinachobaki sikioni ni kizibo. Zipo pia za mfupa. Hizi haziingii sikioni. Hukaa mbele yake, zikautikisa mfupa wa shavu, na mtikiso ukafika sikio la ndani bila kupitia tundu lake. Tundu linabaki wazi kabisa. Besi yake hafifu, lakini mimi nasikiliza maneno, sio dansi. Bei tu ndiyo iliyonitoa jasho.

Nikaangukia ya kizamani: utepe mwembamba wa chuma kichwani, na sponji mbili zinazoegemea masikio tu. Ndugu zake ndio waliotoka na Walkman ya kwanza ya Sony mwaka 1979, ile iliyokuwa hata na kitufe cha kupenyeza sauti ya mtu aliye karibu nawe. Nikaivaa, nikafungulia sauti, nikamwambia muuzaji, "Kaka, hebu niite kama mgonjwa." Akacheka, kisha akanong'ona, "Mjukuu wangu, maji." Nikamsikia. Nikalipa.

Ila nawaambia, tundu wazi peke yake halitoshi. Ukipandisha sauti mno, hata sponji inageuka ukuta. Mimi naiweka chini, kiasi cha kusikia bibi anavyogeuka kitandani.

Jambo moja muuzaji hakulisema: kinachoingiza sauti huitoa pia. Juzi, usiku umetulia, katikati ya sura ya saba, bibi akasema nyuma ya pazia: "Huyo Mwajuma wako anasema mno, mjukuu wangu. Mwenye njaa hana maneno hayo yote."

Nikawasha taa, nikafuta kurasa mbili.