Ua la Tisa



Bi harusi wa Kilosa alituletea Mikumi kazi mbili: pindo la shela, na kitambaa cha duara cha kufunikia sinia la mahari. Vyote vitariziwe ua lilelile. Tulilichora mara moja kwenye kompyuta, programu ikalirudia.

Kwenye pindo, kutoka ua la kwanza hadi la mwisho ni sm 200, ua kila sm 25. Nafasi 8, maua 9, kwa kuwa mstari una mwanzo na mwisho. Likatoka zuri, alhamdulillah.

Kwenye duara tukaandika tena 9, kila moja digrii 45. Lakini duara ni digrii 360, yaani nafasi 8 tu. Ua la tisa likakaa juu ya la kwanza. Sindano ikavunjika, kitambaa kikatoboka, na harusi keshokutwa.

Tungeweza kuficha kwa shanga. Tukampigia mama yake tukasema kweli, tukanunua kitambaa kingine kwa fedha yetu. Kazi ya mtu ni amana.

Usiku tukikesha na mashine tukakumbuka darsa la Hija: Saai huanzia Safa, ya saba ikaishia Marwa. Tawafu huanzia kwenye Jiwe Jeusi na kuishia hapohapo. Zote ni saba, lakini hazifungwi namna moja.

Mabibi harusi, kwa kazi ya duara mwombeni fundi ajaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu. Akikosea na akasema kweli, mstahini.