Makasha ya Vyuma vya Kufungulia Kufuli: Kutoka Ngozi hadi Jinzi

Chuma cha kufungulia kufuli bila ufunguo ni kitu chembamba. Unene wake aghalabu ni kati ya milimita 0.4 na 0.6, na urefu wake ni kama wa kalamu. Ncha yake hukatwa umbo la kulabu au la mawimbi ili isukume pini zilizo ndani ya kufuli, huku chuma cha pili, kile cha kukazia, kikizungusha silinda taratibu. Ncha ikipinda kidogo tu au ikiliwa na kutu, kazi imeharibika. Ndiyo maana kasha hutakiwa lilinde ncha, lizuie unyevu, tena limwonyeshe mwenyewe kila chuma kilipo. Kwa muda mrefu hapakuwa na kasha lililoyaweza yote hayo.

Miaka ya 1980 na 1990, seti nyingi zilizouzwa na makampuni ya Marekani kama HPC na SouthOrd zilikuja na kifuko cha ngozi chenye zipu au kishikizo cha kubonyeza. Kilifanana na pochi na kiliingia mfukoni bila shida. Kilipendeza kwelikweli, lakini ndani yake vyuma vilirundikana, kimoja juu ya kingine, na aliyetaka kulabu fupi alilazimika kuvimwaga vyote mezani. Ngozi yenyewe ilikuwa na dosari nyingine. Ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti hubaki na asidi na hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma cha kaboni kikilazwa humo kwa miezi kadhaa hutoka na madoa ya kutu. Waliozijali zana zao walizipaka mafuta ya cherehani kabla ya kuzihifadhi, au walitia ndani vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu.

Mambo yalibadilika pale watu wasio mafundi wa kazi walipoanza kujitengenezea vyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa ukisambaa mwongozo wa kufungua kufuli unaojulikana kwa jina la chuo cha MIT, ambao mwandishi wake alijiita Ted the Tool. Ulieleza kwamba nyuzi za chuma zinazokatika kwenye brashi za magari ya kufagia barabara zinafaa sana kwa kazi hii, maana ni chuma cha springi. Mtu aliziokota kando ya barabara, akazichonga kwa tupa au jiwe la kunolea, akapata seti bila kulipa senti. Seti ya namna hiyo haikuwa na kasha. Kilichokuwa karibu ndicho kilichotumika: kasha la miwani, kikopo cha pipi, kikasha cha mswaki, mkebe wa penseli wa mtoto. Kikopo cha bati kilizuia unyevu vizuri, ila vyuma viligongana ndani na ncha zikabutuka. Dawa yake ilikuwa kutandika sponji, au kugundisha ukanda wa sumaku chini ili kila chuma kishikwe mahali pake.

Katika yote yaliyotengenezwa nyumbani, lililofaa kuliko mengine ni kasha la kitambaa la kuviringisha. Suruali ya jinzi iliyochakaa inatosha. Hukatwa kipande cha mstatili, upande wa chini hukunjwa kuelekea juu, kisha hushonwa mistari ya wima inayogawa vijifuko. Sehemu ya juu hubaki kama ulimi wa kufunika, na utepe hufunga kila kitu baada ya kuviringishwa. Ugumu upo katika kuamua ncha ikae upande gani. Ikielekea chini inalindwa, lakini mwenyewe haoni ni kulabu ipi na atavuta tatu kabla ya kuipata anayoitaka. Isitoshe, ncha ya milimita 0.4 hutoboa mshono wa chini polepole. Ikielekea juu inaonekana mara moja, na hapo ulimi wa kufunika ndio unaobeba jukumu lote la kuilinda. Ncha juu ni bora, mradi ulimi uwe mrefu na wa tabaka mbili. Vyuma vya kukazia navyo vitengewe kijifuko chao, maana vimepinda na huwakwaza wenzao.

Vilabu vya watu wanaofungua makufuli kama mchezo vilichangia kueneza mitindo ya makasha. Ujerumani ilikuwa na SSDeV, iliyoanzishwa mwaka 1997, na Uholanzi ikapata TOOOL miaka michache baadaye. Watu walipoketi meza moja waliona makasha ya wenzao, wakaiga. Wakati huohuo vyuma vilianza kuvalishwa mipini minene ya raba na plastiki, na vijifuko vyembamba vya zamani havikuitosha. Madukani kukaja makasha mapana yanayofunguka bapa kama kitabu, yenye lastiki na zipu pande tatu. Sparrows ya Kanada na Multipick ya Ujerumani ni miongoni mwa wanaouza vyuma pamoja na makasha ya kuvitunzia. Wenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki nao hujichapia visanduku vyenye nafasi ya kila chuma.

Makasha yalipopanuka, watu walinunua seti za vipande 20 au 30 ili kuyajaza. Uzoefu ukawafundisha kwamba kazi nyingi hufanywa na kulabu mbili, reki moja (ile yenye ncha ya mawimbi) na vyuma vichache vya kukazia. Wengi wenye ujuzi wamerudia kifuko kidogo, na kasha kubwa limebaki nyumbani.

Kubeba kasha hili kuna masharti yake. Japani ilipitisha sheria mwaka 2003 inayokataza kuwa na vyuma hivi bila sababu halali. Sheria za jinai za Kenya na Tanzania nazo zinaweza kumtia hatiani anayekutwa na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali. Anayejifunza afungue kufuli lake mwenyewe au aliloruhusiwa na mwenye nalo, na kasha alibebe pale tu anapokwenda kwenye kazi au mazoezi.