Nilimpandisha Marehemu Meli Asiyoipanda

Nilisema uongo msibani, tena kwa kipaza sauti, mbele ya jeneza. Marehemu alikuwa jirani yangu hapa Muleba, kuli mstaafu, kama kuna kuli anayestaafu. Familia ilinipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ni mwalimu, na kwetu mwalimu ndiye mwandishi wa kila jambo: barua za mkopo, kadi za harusi, mihtasari ya vikao vya ukoo inayopelekwa Mahakama ya Mwanzo watu wakifungua mirathi. Wasifu nimeandika mwingi. Nilijiona fundi.

Aliyewahi kukaa chini ya turubai la msiba anajua wasifu unavyokwenda. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akapanda cheo, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, akaugua, sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Karani wa chama cha msingi au bwana shamba ana cha kujaza kila mstari. Huyu wangu aliishia darasa la nne. Hakuna ofisi iliyomwajiri, wala hakuna aliyempandisha cheo. Usiku ule nilipoandika kuzaliwa, ubatizo, ndoa na kiharusi kilichomwondoa, nikakuta nina nusu ukurasa. Na watoto wake walikuwa njiani kwenye mabasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza! Nusu ukurasa kwa mtu aliyeishi zaidi ya miaka 70 niliiona ni aibu, ya kwake na ya kwangu.

Kulikuwa na deni pia, ila hilo familia iliniomba nisiliguse. Alikuwa amemuuzia mtu kahawa yake ingali maua, ile tunayoiita butura, ili apate fedha za haraka. Sikuligusa.

Mkononi nilibaki na habari moja tu niliyoiona nzito. Tangu miaka ya 1980 alikuwa kuli pale bandari ya Kemondo, kusini mwa Bukoba mjini. Jioni ya Mei 20, 1996 alikuwa kazini MV Bukoba ilipotia nanga kuchukua abiria na mizigo kabla ya kuendelea na safari ya Mwanza. Alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunakunywa rubisi nyuma ya duka. Waliingiza mikungu ya ndizi mpaka ikaisha, wakalipwa, wakaenda kulala. Kulipokucha wakasikia redioni kwamba meli imepinduka. Alinyamaza hapo, akaomba aongezewe rubisi.

Mimi nikaandika kwamba marehemu alikwishapanda meli ile, anakwenda Mwanza kutafuta maisha, na dakika za mwisho Mungu akamshusha. Nikaandika kwamba alisimama gatini akiitazama inaondoka, na vijana wa kwetu aliowafahamu wakampungia mkono. Habari ya mikono hakunipa mtu. Niliitoa kichwani saa nane za usiku, nikaisoma tena, nikaipenda.

Nisisingizie kwamba nilisikia vibaya. Nilijua alikuwa anabeba. Niliona kubeba hakutoshi kusomwa mbele za watu.

Wasifu ulipokewa vizuri mno. Akina mama waliokaa juu ya nyasi zilizotandazwa ndani walilia upya. Kijana wake wa Dar es Salaam akaomba nakala azitoe kwa wajukuu. Mzee mmoja wa ukoo alinishika bega tulipotoka kaburini, kule kwenye migomba, akasema, “Mwalimu, leo umemzika mtu.” Nyuma kabisa walisimama makuli wenzake wachache waliotoka Kemondo. Mmoja wao alinifuata, akanipa mkono, akasema kwa upole, “Hilo la kupanda meli hakutuambia.” Nikamjibu kwamba kila mtu ana siri zake. Ningeweza kusimama palepale nikasahihisha. Badala yake nilimfundisha rafiki wa marehemu habari za marehemu. Jibu hilo linaniuma kuliko wasifu wenyewe.

Kwa wasiokuwa wa huku, nieleze kwa nini neno lile halikuwa dogo. MV Bukoba ilikuwa meli ya abiria 430. Ilipinduka asubuhi ya Mei 21 ikiwa imekaribia Mwanza, na idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, ambayo nayo ina ubishi, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Waliokwama ndani walisikika wakigonga. Bati lilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikazama moja kwa moja. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Maiti nyingi zilizikwa Igoma, Mwanza, nyingine bila jina, na wako ambao hawakupatikana kabisa. Vitabu vya nje vikiitaja ajali hiyo, mara nyingi humkumbuka marehemu mmoja tu: Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri aliyekuwa kamanda wa al-Qaeda. Ziwa lilimeza wachuuzi wa ndizi na wanafunzi, na dunia ikaandika jina la kamanda huyo. Nimewahi kulilalamikia hilo darasani, kwa ukali kabisa, bila kujua kwamba nami nina tabia hiyohiyo ya kuona mtu hajatimia mpaka ashikamane na tukio kubwa.

Pasipo orodha, ushahidi ni macho ya watu. Nani alimwona Kemondo? Alivaa nini, alikuwa na nani, ni kweli alipanda au alighairi? Kuna familia kutoka hapa mpaka Bukoba zilizoishi na maswali hayo tangu mwaka ule. Nami nikawaletea shahidi wa kubuni, tena marehemu, asiyeweza kuulizwa.

Aliyekuja kuuliza ni mama mmoja wa vijiji vya upande wa Kamachumu. Mwanawe aliondoka nyumbani na mikungu yake ya kuuza Mwanza, na mwili haukuonekana. Habari za wasifu wangu zilimfikia kwa watu waliorudi mazikoni. Akaja kwa mjane, matanga yakiwa yamekwisha, akakaa chini, akataka kujua kama mwanawe alikuwa miongoni mwa wale waliopunga mkono.

Mjane hakuwa na namna. Kukana kungekuwa kumwita mumewe mwongo, na mimi pia. Akaitikia. Kisha akaja kwangu, jioni, akakataa kiti.

“Mwalimu, yule mama alinishika mikono yote miwili. Nikamwambia ndiyo, alimwona, alikuwa mzima, alikuwa anacheka. Mume wangu hakuwahi kupanda meli hata siku moja, alikuwa anaogopa maji. Sasa umenifanya nimdanganye mzazi.”

Nilisema nitakwenda kwa yule mama. Nilichelewa. Kwanza ilikuwa mitihani, halafu mvua, na baadaye sikuwa na sababu yoyote, niliogopa tu. Nilipokwenda nilimkuta anaanika kahawa. Nilimwamkia, akaniita baba, akaniletea buni za kutafuna kama anavyopewa mgeni. Nikamweleza yote: kwamba ni mimi niliyeandika, kwamba yule bwana alikuwa anapakia mizigo, na kwamba hakuna aliyempungia mwenzake mkono kwa ninavyojua. Aliendelea kuzigeuza kahawa kwenye mkeka. Akasema amekwisha kuwaambia binti zake, na misa wamesoma. “Sasa unataka nikawaambie nini, baba? Kwamba hakucheka?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Niliomba msamaha. Alisema amesikia, lakini kwamba amesamehe hakusema, na sikustahili kumbana. Nilikuwa nimedhani kuungama ni kumrudishia kitu chake. Kumbe nilikwenda kumnyang’anya cha pili.

Kutoka hapo nikashuka Kemondo kumtafuta yule kuli niliyemjibu vibaya. Nilimkuta. Alisema walijua siku ileile, wakaninyamazia kwa heshima ya msiba. Halafu akanipa maisha ya rafiki yake bila kuulizwa sana, na kila alichosema kingejaza ukurasa. Kwamba marehemu alikuwa akisokota ngata yake mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba na hakumwazima mtu. Kwamba aliutambua mkungu unaoiva kwa kuubeba tu, akaupanga juu, usije ukaozesha mingine kabla ya Mwanza. Vijana wageni aliwafundisha kupanda ubao wa meli kwa vidole vya miguu. Fedha ya kundi ilikaa kwake mpaka igawanywe, na haikuwahi kupungua. Meli ya Victoria iliposimama miaka kadhaa kabla ya kukarabatiwa na kurudi mwaka 2020, mizigo ikawa imehamia kwenye malori, naye akahamia Muleba kubeba magunia ya kahawa ya maganda ghalani, na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha kushuka.

Nikauliza habari za usiku ule wa Mei. Akasema kulikuwa na jambo ambalo makuli walikuwa wakiulizana wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti ya chini, kwa miaka: kama ilikuwa mikungu yao. Hakuna aliyewauliza. Waliambiwa beba, wakabeba. Idadi ya mizigo na abiria haikuwa shauri la kuli. Hata hivyo, kila walipopakia meli nyingine, marehemu alikuwa anasimama kwanza gatini kuitazama imezama kiasi gani majini, ndipo aweke ngata kichwani. Wenzake walimcheka mwanzoni, kisha wakaacha.

Mtu huyo ndiye niliyemtangaza kwamba Mungu alimshusha.

Nimeandika wasifu mwingine. Hauna mikono iliyompungia wala miujiza. Una ngata, ubao, ndizi, ghala, na ule usiku kama alivyonisimulia mwenyewe, pamoja na lile swali lililobaki kwa makuli. Umezidi kurasa mbili. Nakala nilimpelekea kijana wake wa Dar es Salaam nikimwomba aichane ile ya kwanza, naye hajanijibu. Nyingine nilimsomea mjane barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha jina la mtoto wa tatu, kisha akauliza deni la butura nimeliweka wapi. Nikamkumbusha kwamba familia iliomba lisitajwe.

“Familia ipi? Anayelilipa ni mimi,” alisema. “Liandike, na aliyenunua mtaje.”